Paa Lisilo na Boriti

Ndugu wahitimu, nanyi wanafunzi mlio madarasani, kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, linatuhusu sisi wa Kilosa na Mikumi. Misafara ya pembe na watumwa ilifuata bonde la mto wetu Mkondoa hadi Bagamoyo, na wengi walivushwa bahari wakauzwe Unguja. Soko la watumwa la hapo lilifungwa mwaka 1873. Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa.

Nilipoingia nilitazama juu kwanza. Askofu Edward Steere hakutumia boriti. Paa limejengwa kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa, likapindwa kama pipa lililopasuliwa kwa urefu. Mafundi wa Ulaya ya karne ya 11 walijenga hivyo kwa mawe, kuta nene zikibeba uzito. Wako waliobashiri kuwa litaanguka. Limesimama! Nguzo za mahali pa ubatizo ziko kichwa chini. Husimuliwa kuwa mafundi waliziweka Askofu akiwa safarini, nami nafurahi kwamba hazikugeuzwa.

Mbele ya madhabahu pana duara la marumaru nyeupe. Kwa masimulizi ya wenyeji, hapo ndipo watumwa walipofungwa na kuchapwa. Mzee aliyetutembeza aliniuliza natoka wapi. Nikamjibu, Kilosa.