Miaka 30 ya MOI: Kazi ya Kumrudisha Mgonjwa Miguuni

Mwaka 1996 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria Namba 7, na idara moja ya hospitali ikageuka taasisi yenye bodi yake ya wadhamini, bajeti yake na jina lake: Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Leo Dar es Salaam ukisikia fulani amelazwa Moi, huhitaji kuuliza ana nini. Ni ajali, ni mfupa, ni uti wa mgongo, au ni kichwa. Taasisi inapotimiza miaka 30, inastahili kusimuliwa ilikotoka, ilichokifanya na kilichobaki. Katika safari yote hiyo jambo moja limepiganiwa bila kukoma, nalo ni muda: muda ambao mtu aliyevunjika hukaa kitandani kabla ya kusimama tena na kurudi kwenye shughuli zake.

Mizizi

Muhimbili ina historia ndefu kuliko MOI. Chanzo chake ni hospitali iliyojengwa kwa mali ya Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyetajirika katika biashara ya misafara ya bara. Sewa Haji alifariki mwaka 1897, na hospitali iliyobeba jina lake ikaanza kazi mwaka huohuo, ikiwahudumia Waafrika na Waasia wakati ambapo Wazungu walikuwa na hospitali yao ufukweni, Ocean Road. Mwaka 1956 ikajengwa hospitali mpya iliyopewa jina la Princess Margaret. Baada ya uhuru jina hilo likaondolewa na Muhimbili ikawa Muhimbili. Jina la Sewa Haji halikufutika, limebaki kwenye jengo la wodi hadi leo.

Elimu ya udaktari ilianza hapohapo mwaka 1963, na mwaka 1968 chuo kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1976 hospitali na kitivo vikaunganishwa kuwa Kituo cha Tiba Muhimbili. Mwaka 1991 kikaanzishwa chuo kikuu kishiriki cha sayansi za afya, ambacho mwaka 2007 kilipanda kuwa chuo kikuu kamili, MUHAS. Kwa hiyo tangu mwanzo tiba ya mifupa Muhimbili imekuwa na pande mbili zisizotengana: kutibu na kufundisha. Daktari bingwa anayepita wodini asubuhi hufuatwa na wanafunzi, na mgonjwa mwenye mguu uliovunjika amekuwa mwalimu wa vizazi vya madaktari.

Miongoni mwa Watanzania wa mwanzo kubobea katika fani hii alikuwa Profesa Philemon Sarungi, aliyesomea udaktari Hungary, akafundisha na kupasua Muhimbili, kisha akaingia kwenye siasa na kuwa Waziri wa Afya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alifariki Machi 2025. Kizazi chake kilifanya kazi na mabingwa wachache mno kwa nchi kubwa namna hii. Aliyevunjika paja Kigoma au Lindi alipewa rufaa ya Muhimbili, na Muhimbili ilikuwa na vitanda vilevile.

Enzi ya mguu kuvutwa

Kabla ya vyuma vya ndani kuenea, aliyevunjika mfupa wa paja alitibiwa kwa kuvutwa. Chuma chembamba kilipitishwa kwenye mfupa chini kidogo ya goti, kikafungwa kamba iliyopita kwenye kapi mwisho wa kitanda, na kamba ikaning'inizwa uzito. Uzito ulishindana na misuli ya paja ili vipande vya mfupa visipandane. Mgonjwa akalala chali hivyo wiki 6, wiki 8, hata miezi 3.

Njia hiyo iliokoa miguu mingi, na hospitali zisizo na vifaa bado huitegemea. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Vidonda vya mgongo vilitokea, mapafu yakapata maambukizi, damu ikaganda kwenye mishipa, goti likakakamaa, na wengine waliinuka na mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Nje ya wodi kulikuwa na hasara nyingine. Mvuvi hakwenda baharini, mama lishe hakuwasha jiko, na ndugu mmoja aliacha kazi zake ili alete uji asubuhi na wali jioni. Na kwa kuwa kitanda kimoja kilikaliwa miezi, anayefuata alikikosa. Ndiyo asili ya magodoro sakafuni na wagonjwa kulala mzungu wa nne, mambo ambayo wakazi wa Dar es Salaam wanayakumbuka vizuri.

Hoja ya kuwa na taasisi maalumu ilikomaa katika hali hiyo. Majeruhi wa ajali alipowekwa kwenye foleni moja na wagonjwa wengine wote wa upasuaji, aliendelea kusubiri. Alihitaji chumba chake cha upasuaji, mabingwa wake, wauguzi waliozoea mifupa, na fedha zisizogawanywa na idara nyingine. Sheria ya 1996 ilimpa hayo, angalau kwa maandishi, na MOI ikakabidhiwa majukumu matatu: tiba, mafunzo na utafiti katika mifupa, majeraha ya ajali, na upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Profesa Lawrence Museru, aliyeiongoza kwa miaka mingi, ndiye aliyeisimamia ilipokuwa inajifunza kujitegemea, ikiwemo kuanzisha huduma za kulipia ndani ya hospitali ya umma ili kuongeza mapato na kuwazuia mabingwa wasikimbilie kwingine.

Mtihani wa kwanza mkubwa haukuchelewa. Agosti 7, 1998, bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, likaua watu 11 na kujeruhi wengine zaidi ya 80. Majeruhi walikimbizwa Muhimbili. Taasisi yenye umri wa miaka miwili iliona siku hiyo kwa nini ilihitajika. Milipuko ya mabomu kwenye maghala ya jeshi, Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, ililikumbusha jiji somo lilelile.

Msumari uliobadilisha wodi

Mageuzi makubwa kuliko yote yaliletwa na fimbo ya chuma isiyofika nusu mita. Mwaka 1999 daktari wa mifupa wa Marekani, Lewis Zirkle, alianzisha shirika la SIGN kwa lengo moja: kutengeneza msumari wa ndani ya mfupa unaoweza kutumika katika hospitali isiyo na mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Msumari wa kawaida una matundu ambayo daktari huyatafuta kwa kuangalia picha ya eksirei inayotembea, na mashine hiyo ni ghali. Wa SIGN hufungwa kwenye mkono wa chuma ulio nje ya mguu. Tundu la mkono huo liko sambamba na tundu la msumari, basi skrubu huingia mahali pake bila picha. Njia ya uboho husafishwa kwa zana za mkono.

Msumari wenyewe hutolewa bure, kwa sharti kwamba kila upasuaji uripotiwe na picha zitumwe ili madaktari wengine waujadili. Muhimbili ikawa miongoni mwa vituo vinavyoutumia sana. Matokeo yake wodini yalionekana haraka: aliyevunjika paja aliweza kukaa, kushika magongo na kuruhusiwa baada ya siku chache, na kitanda alichokuwa akikalia miezi miwili kikahudumia wagonjwa kadhaa.

Ili kujua kama mfupa umeunga, madaktari wa SIGN waliwazoesha wagonjwa kufanya jambo rahisi wanaporudi kliniki: chuchumaa, kisha tabasamu, upigwe picha. Anayechuchumaa hadi chini bila uso kukunjamana, goti lake linakunja na paja lake linabeba mwili. Watafiti wa MOI na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walikipima kipimo hicho kwa wagonjwa wa Dar es Salaam na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Umuhimu wake unaeleweka na yeyote anayeijua nchi hii. Mgonjwa wa Kilwa au Mpwapwa hana uwezo wa kurudi kila mara kwa eksirei, ila kuchuchumaa anaweza popote.

Mwaka 2020 ukafuata utafiti mwingine, ulioongozwa na Dk. Billy Haonga, kuhusu mfupa wa ugoko uliovunjika na kutoboa ngozi, jeraha la kila siku kwa madereva wa pikipiki. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likapata msumari wa ndani, jingine vyuma vya nje, vile ambavyo wengi huviita antena. Baada ya mwaka mmoja, idadi ya vifo na ya waliolazimika kupasuliwa tena haikutofautiana kwa kiasi cha maana. Waliowekewa msumari mifupa yao ilinyooka vizuri zaidi, na walijisikia nafuu mapema zaidi katika wiki za mwanzo. Swali la Dar es Salaam lilijibiwa kwa wagonjwa wa Dar es Salaam, na jibu likasomwa na madaktari wa dunia nzima. Taasisi yenye jukumu la utafiti hudaiwa kazi ya namna hiyo.

Siku ya majonzi

Historia ya heshima hairuki kurasa chungu. Novemba 2007 wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walipishana MOI: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Taifa lilishtuka, uchunguzi ukafanyika, na imani ya watu ikatikisika. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, inayosomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Jina, upasuaji na upande wa mwili hutajwa mbele ya wote. Hospitali ya Ifakara ilikuwa miongoni mwa hospitali 8 duniani ambako orodha hiyo ilijaribiwa, na vifo pamoja na madhara ya upasuaji vikapungua. Kila inaposomwa kwa ukamilifu, watu wale wawili wanatendewa haki.

Bodaboda, vichwa vya watoto na majengo

Mwaka 2010 serikali ilitoa kanuni zilizoruhusu pikipiki kubeba abiria. Bodaboda iliwapa vijana wengi kipato na ikafika ambako daladala haifiki. Iliijaza MOI pia. Mguu wa dereva wa pikipiki hauna bati la kuukinga, na kofia ngumu mara nyingi hubaki kwenye usukani. Mwaka huohuo wa 2010 Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, ya kwanza nchini, hivyo majeruhi akaanza kupokelewa na watu waliofunzwa kuangalia pumzi na damu kabla ya kuangalia mfupa.

Upande wa ubongo, MOI imekuwa tegemeo la watoto wanaozaliwa na vichwa vikubwa au mgongo wazi. Upasuaji unaopitisha maji ya ubongo kwenye mrija hadi tumboni unaweza kuokoa akili ya mtoto, mradi aletwe mapema. Kwa miaka mingi madaktari wa Weill Cornell ya New York wamekuwa wakishirikiana na MOI kufundisha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Hatari ya mgongo wazi pia hupungua mama akipata foliki asidi kabla ya mimba, ndiyo maana tangu mwaka 2011 nchi imekuwa na kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa viwandani.

Novemba 2015 Rais John Magufuli alipita Muhimbili bila taarifa na kukuta wagonjwa sakafuni. Fedha zilizotengwa kwa hafla ya wabunge zikaelekezwa kununua vitanda. Katika miaka hiyohiyo jengo jipya la MOI lilianza kutumika, likapanua wodi na vyumba vya upasuaji, na taasisi ikafanya mambo ambayo zamani yalimpandisha mtu ndege kwenda India: kubadilisha nyonga na magoti, na kunyoosha uti wa mgongo uliopinda.

Deni lililobaki

Ndani ya kuta zake MOI imefupisha muda kwa namna ambayo kizazi cha Sarungi kisingeweza kuiota. Muda mrefu sasa uko nje ya kuta hizo. Aliyevunjika Sumbawanga hupita kwanza kwa mganga wa kuunga mifupa, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya mkoa, na anapofika Dar es Salaam mfupa umeanza kuunga vibaya au jeraha lina usaha. Huyo hukaa kitandani muda mrefu kuliko aliyegongwa Ubungo, kwa kosa la kuvunjika mbali.

Dawa yake inajulikana. Mabingwa wanaohitimu MUHAS wapelekwe mikoani pamoja na misumari, eksirei inayofanya kazi na wataalamu wa mazoezi ya viungo, kwa sababu bingwa asiye na vifaa huishia kuandika rufaa. Wanaounga mifupa vijijini wafundishwe kutambua jeraha la kupeleka hospitali siku hiyohiyo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itekelezwe kiasi cha kumfikia dereva wa bodaboda, ambaye leo ndugu zake huchangishana usiku ili apasuliwe asubuhi. Na barabara zisimamiwe, maana kila kofia ngumu inayovaliwa ni kitanda kimoja kilichobaki wazi.

Mwaka 1996 Bunge liliamua kwamba majeruhi wa ajali asisubiri tena nyuma ya wengine. Miaka 30 baadaye uamuzi huo umetimizwa kwa anayefika Muhimbili mapema. Kazi ya miaka 30 ijayo ni kuutimiza kwa anayevunjika popote Tanzania, na waliofundishwa na MOI ndio wenye uwezo wa kuifanya.