E Bubu Iliwahi Kuwa na Sauti

Juzi mpwa wangu, mwanafunzi wa Gredi ya Pili, alirejea nyumbani amenuna. Alikuwa amesoma 'name' kama 'na-me' na 'make' kama 'ma-ke'. Darasa zima likaangua kicheko, naye mwalimu akamwita mzito wa kichwa.

"Mjomba, si hiyo e iko hapo? Mbona nisiisome?"

Swali hilo, wapenzi wa lugha, si la kitoto hata kidogo. Zama za Chaucer, karne ya 14, Waingereza wenyewe walikuwa bado wanalitamka 'name' kwa silabi mbili, karibu sawa na alivyolisoma mtoto huyu. Kabla ya hapo lilikuwa 'nama'. Irabu ya silabi ya kwanza, kwa kuwa haikufungwa na konsonanti, ilirefushwa: 'naa-me'. Kisha e ya mwisho, isiyotiwa mkazo, ikafifia hadi ikatoweka vinywani. Kwenye karatasi ikabaki. Baadaye irabu ndefu nazo zikahama, ile 'aa' ikapanda taratibu mpaka ikaishia 'ei'.

Aliyeipa e hiyo mtetezi ni mwalimu mwenzetu, Richard Mulcaster, mkuu wa Merchant Taylors' School jijini London. Katika Elementarie, kitabu chake cha 1582, alishikilia kuwa herufi hiyo ina kazi: kuonyesha kwamba irabu iliyotangulia ni ndefu. Pasipo e, 'made' ni 'mad'.

Shida ni 'have' na 'give'. Irabu zake ni fupi, na e ipo! Zamani u na v hazikutofautishwa katika maandishi, hivyo e ilisaidia kuonyesha kwamba herufi iliyo mbele yake ni konsonanti. Mwalimu asiyelijua hili atamkaririsha mtoto kanuni, kisha amwadhibu kwa kuifuata.

Kiswahili hurefusha irabu kwa kuirudia: 'kata', 'kataa'. Kila herufi ya irabu husomwa. Mtoto aliyelelewa hivyo akisema 'na-me' anatumia akili, tena vizuri.

Jioni ile niliandika 'hate', nikaifunika e kwa kidole. Akasoma 'hat'. Nikakiondoa kidole, akasoma vyema. Nikamwambia hiyo e ilikuwa ikisemwa, ila walioisema walikufa kitambo.

"Sasa mbona hawakuifuta?"

Nikamsimulia habari za Mulcaster. Kesho tunaanza 'have'.