Kipandikizi cha kusisimua ubongo

Kipandikizi cha kusisimua ubongo ni kifaa kinachopeleka mapigo madogo ya umeme kwenye sehemu maalumu ya ubongo. Nyaya nyembamba huingizwa kupitia fuvu, kisha hupitishwa chini ya ngozi ya shingo hadi kwenye betri iliyowekwa kifuani, chini ya mtulinga. Njia hii ilishika kasi baada ya mwaka 1987, Alim-Louis Benabid alipoitumia mjini Grenoble, Ufaransa, kutuliza mtetemeko.

Katika kliniki za Taveta, kama kwingineko Kenya, neno "kipandikizi" likitajwa peke yake, wengi hufikiria vijiti vya kupanga uzazi vinavyowekwa mkononi. Ndiyo sababu istilahi isikatwe. "Kichocheo" nacho hakifai: tayari ni cha homoni na kemia, na uchochezi ni shtaka la mahakamani. Neva husisimuliwa.

Kifaa hiki sasa kinajaribiwa kwa ataksia ya kurithi, maradhi yanayodhoofisha serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo na mizani ya mwili. Mgonjwa hupepesuka, hutembea ametanua miguu, na ulimi huwa mzito. Watu humdhania mlevi, dhuluma iliyo nzito kuliko kuanguka kwenyewe. Katika aina nyingi mzazi mmoja mgonjwa anatosha: kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Aina ya 7 (SCA7), inayoharibu pia macho, imethibitishwa Afrika Kusini na Zambia.

Katika jaribio makini kifaa hupandikizwa kwa wote, kisha huwashwa kipindi kimoja na kuzimwa kingine, mgonjwa wala mpimaji asijue ni kipindi kipi. Bila hivyo, matumaini ya mgonjwa yangehesabiwa kuwa tiba. Kipimo cha ukali wa ataksia kiitwacho SARA, cha alama 0 hadi 40, humtaka mgonjwa atembee, asimame, aketi, azungumze, afuate kidole cha mpimaji, aguse pua yake, ageuzegeuze viganja upesi, na ateremshe kisigino juu ya muundi. Alama nyingi ni hali mbaya. Katika jaribio la huko São Paulo, Brazil, nyaya zilielekezwa ndani ya serebela yenyewe. Nafuu ilionekana zaidi kwenye mtetemeko kuliko kwenye mizani.

Betri isiyoweza kuchajiwa huisha baada ya miaka michache, na kuibadilisha ni upasuaji mwingine. Azimio la Helsinki, la maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, linataka huduma za baada ya jaribio zipangwe kabla halijaanza. Mkazi wa Taveta akiombwa ridhaa, fomu inapaswa kutaja nani atalipia betri ya pili, na kama itawekwa Nairobi au ng'ambo ya mpaka, Moshi, Tanzania.