Ramani za Nakshi na Mashamba ya Meru

Kuna Waingereza wengi ambao hutundika ukutani, ndani ya fremu na kioo, ramani kongwe ya kaunti moja ya nchi yao: Kent, Norfolk, Cornwall au nyingineyo. Baharini pana meli na madubwana, pembeni pana ngao za masharifu, na jina la kaunti limeandikwa ndani ya pambo lililoviringika mfano wa utepe. Wapenzi wa ramani hizo huwaenzi hasa Christopher Saxton, ambaye atlasi yake ilitoka mwaka 1579, na John Speed, aliyemfuatia mwanzoni mwa miaka ya 1610. Speed hakuficha kwamba alikopa mengi kwa waliomtangulia. Chake kilikuwa hasa michoro ya miji aliyoiweka pembeni, na mabamba yake ya shaba yalichongwa Amsterdam katika karakana ya Jodocus Hondius.

Ramani hizo zilizaliwa zikiwa kurasa za vitabu. Leo atlasi nyingi zimechanwa na wafanyabiashara, kwa kuwa kurasa zikiuzwa mojamoja huleta fedha zaidi kuliko kitabu kizima. Mnunuzi mwangalifu hutazama mkunjo wa katikati, maandishi ya nyuma ya karatasi, na ule mfuo hafifu uliobaki pale bamba la shaba lilipokandamizwa. Rangi huwa ni ya mkono, na mara nyingi imepakwa karne mbili au tatu baada ya mchapo, ili ramani ipate mnunuzi. Ni biashara ya heshima, lakini ni uharibifu pia, na si haki kuusahau upande mmoja kwa ajili ya mwingine.

Linalosahaulika zaidi ni kazi ambayo ramani hizo zilitengenezewa. Saxton hakutumwa kupamba kuta. Gharama zake zilibebwa na Thomas Seckford, mtumishi wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, na kila karatasi iliyochapwa ilifikishwa kwa waziri mkuu wa malkia, Lord Burghley, ambaye alijiandikia juu yake, kwa mkono wake, majina ya wakubwa wa kila mahali na pwani zinazoweza kushambuliwa. Mwaka 1576, Saxton alipoingia Wales, serikali iliwaamuru wenyeji wampandishe kwenye kila mnara na kilima chenye kuona mbali, wampe watu wawili watatu wenye kuijua nchi, pamoja na mpanda farasi mmoja mwenye kusema Kiwelisi na Kiingereza. Mpimaji alikuja na hati ya mtawala. Ujuzi wa ardhi ulikuwa wa wenyeji.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika makusanyo haya. Mwaka 1572, huko Cologne, Braun na Hogenberg walichapa karatasi moja yenye Aden juu, na chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala. Kilwa inaonekana na minara na mapaa yake, mji uliojaa, ingawa ulikuwa umekwisha kuporwa na Wareno tangu 1505. Karatasi hiyo ni kipenzi cha wakusanyaji. Lakini bara, nyuma ya miji hiyo, wachoraji wa Ulaya waliweka tembo, simba na milima ya kubuni, hata Jonathan Swift akawadhihaki kwa kujaza wanyama mahali pa miji wasiyoijua. Mtu wa Kikwe, huko chini ya Mlima Meru upande wa kusini, akizitazama karatasi hizo hataukuta mlima wake. Atakuta pambo, na pambo hapo ni jina jingine la kutojua.

Wa kwanza kulijaza pengo hilo kwa habari za kweli walikuwa watu wa misafara. Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848. Na mwenzake Jakob Erhardt alikaa Tanga akiwauliza wafanyabiashara Waswahili na Waarabu habari za njia za bara. Ramani yao ilipotokea Ulaya katika miaka ya 1855 na 1856 ilionyesha ziwa moja kubwa lililojipinda kama konokono asiye na koma. Wataalamu wa London walicheka. Hata hivyo ni ramani hiyo iliyochochea safari ya Burton na Speke ya mwaka 1857, na makosa yake yalikuwa ya kuunganisha maziwa matatu ya kweli kuwa moja. Waliosimulia majina ya njia hizo hawakutiwa katika anwani ya ramani.

Baada ya hapo nakshi zilitoweka. Ramani kuu ya Wajerumani, ya kipimo cha moja kwa laki tatu, ilianzishwa na Richard Kiepert, ikaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, na kuchapwa na kampuni ya Dietrich Reimer ya Berlin. Haina tembo wala nguva. Kando ya njia walizopita maofisa na wasafiri, wakiwa na dira na saa mkononi, majina yamesongamana. Hatua chache kutoka njiani karatasi inabaki nyeupe. Weupe huo ni wa unyofu kuliko tembo, lakini ni wa hatari zaidi, kwani mtawala huweza kuusoma kama ardhi isiyo na mwenyewe.

Wameru waliliona hilo. Mwaka 1896 wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, na majeshi ya Wajerumani yakalipiza kwa ukatili. Walowezi wakafuata, wakiwamo Makaburu waliotoka Afrika ya Kusini, na mashamba yakauzunguka mlima kama mkanda, yakiwatenga wakulima wa juu na malisho ya tambarare. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliyataifisha mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui, lakini mengi hawakuwarudishia wenyeji. Waliyauza tena kwa walowezi. Ramani ya mlima sasa ilikuwa na mistari na namba.

Namba mbili ziliingia katika historia: 31 na 328, mashamba ya Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki ya Meru. Ripoti ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza ardhi ya walowezi iunganishwe iwe kipande kimoja, na rangi ya mtu ikawa mpaka. Novemba 1951 watu wapatao elfu tatu walianza kuondolewa kwa nguvu, nyumba zikachomwa moto, na wakaelekezwa Kingori. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, walilifikisha shauri Umoja wa Mataifa, New York. Kamati iliwaunga mkono. Katika Baraza Kuu azimio lilikosa theluthi mbili za kura.

Karatasi ya Kent yaweza kutundikwa sebuleni kwa sababu hakuna mkulima wa Kent anayeisoma leo ili kujua nani alimpokonya konde. Ugomvi wake umekwisha kufa, umebaki uzuri. Ramani za mashamba ya Meru hazijafika huko, na huenda ni vyema zisipambwe mapema. Kirilo Japhet na Seaton walipoandika habari za kesi hiyo, kitabu kikatoka Nairobi mwaka 1967, simulizi lao lilikuwa la mali, mazizi na shule iliyobomolewa. Waliyataja mashamba kwa namba zake, kama yalivyoandikwa kwenye karatasi za wapimaji.