Ndege wa Meru na Embu

Msomaji, mtu atakaye kuijua historia ya nchi hufungua kitabu, au huwaendea wazee. Iko njia ya tatu, nayo ni kuwatazama ndege. Ndege hukaa pale apatapo chakula, maji na maficho. Na katika nchi ya Meru na Embu vitu hivyo vimegeuzwa sana na kazi za wanadamu. Basi tuamke alfajiri, tuchukue daftari, tukatazame mahali patatu.

Tuanze Mwea, penye mashamba ya mpunga. Leo mashamba hayo yamo katika Kaunti ya Kirinyaga, lakini hadi mwaka 1963 yalikuwa katika Wilaya ya Embu. Zamani palikuwa uwanda mkavu. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwatumia watu waliowekwa kizuizini kuchimba mifereji ya kuleta maji ya mito Thiba na Nyamindi. Watu hao walichimba kwa kulazimishwa, wala hawakuwa wakifikiri habari za ndege. Walakini maji yalipotanda, ndege walikuja. Leo utawaona yangeyange weupe, korongo na kwarara. Na kati ya Oktoba na Aprili, ndege wadogo wa matopeni waliozaliwa Ulaya ya kaskazini na Siberia. Utawaona pia kweleakwelea, na watu wanaoshinda shambani wakiwafukuza. Usiwacheke watu hao, kwa maana kundi moja la kweleakwelea laweza kumaliza jasho la mkulima.

Kutoka hapo twende Mbuga ya Taifa ya Meru, iliyotangazwa mwaka 1966. Humo hupita mito mingi iletayo maji kutoka vilima vya Nyambene. Kando ya mto Rojewero, penye mikoma na miti mikubwa, yupo bundi mkubwa wa rangi ya kutu, ambaye hategemei panya, bali huvua samaki usiku. Bundi huyu ahitaji mto usiokauka na mti mkongwe wa kukalia. Vyote viwili vimebaki humo kwa kuwa sheria yakataza kuvikata na kuvilima.

Mahali pa tatu hapana lango wala askari. Ni vichaka vya mabondeni, kando ya vijito, katikati ya mashamba ya watu. Humo hukaa ndege wa kahawia mwenye macho mekundu na mabaka meupe yasiyo na mpango. Huenda kwa makundi madogo, wakipiga kelele, na kundi zima husaidiana kulea makinda. Wataalamu walimwandika mwaka 1900 wakampa jina la Hinde, daktari aliyetumikia utawala wa Kiingereza. Hata hivyo ndege huyu si wa Uingereza: duniani kote hapatikani ila Kenya.

Tangu miaka ya 1950 ardhi ya miteremko hii ilipimwa, ikagawanywa, ikapandwa kahawa na mazao mengine. Vichaka vya asili vikafyekwa. Ndege huyo akakimbilia vichaka vya lantana, mmea wa miiba uliotoka Amerika, ambao mkulima huuhesabu kuwa magugu. Hivyo maisha yake hutegemea panga la mwenye shamba.

Sikuambii, msomaji, kwamba mkulima aache kulima. Watoto hawali vichaka. Lakini ukingo wa mto haufai kulimwa hadi majini, kwa kuwa mvua huchukua udongo. Kichaka kikiachwa hapo, udongo hupona, na ndege naye hupona. Mifereji ya Mwea ilichimbwa kwa amri ya wengine. Mbuga ya Meru ililindwa kwa amri ya serikali. Bali ukingo wa kijito cha kwenu huenda siku moja ukawa mikononi mwako, na hapo historia itakuwa yako kuiandika.