Depo ya bati: maji ya usiku yanatoka wapi?

Wakulima wa Baraka na Fizi wakifungua depo asubuhi, mara nyingine wanakuta magunia ya juu yamelowa, na mvua haikunyesha. Wanasema bati limetoboka. Mara nyingi bati ni zima.

Usiku bati linapoa haraka kuliko hewa ya ndani. Hewa hiyo imebeba unyevu wa udongo, wa ziwa, na wa mahindi yenyewe. Ikigusa bati baridi inageuka maji, yanadondoka. Paa la nyasi halina shida hiyo, ila panya wanalipenda na moto vilevile.

Dawa si ya bei kali. Chini ya bati funga dari ya matete, uipake udongo, ukiacha nafasi kati yake na bati. Halafu acha matundu juu ya kuta mbili zinazotazamana, upepo upite, na uyawekee waya wa wavu sababu ya panya. Watu wengi wanaziba kila tundu kwa kuogopa wezi. Hapo unyevu nao unafungiwa ndani. Magunia yakae juu ya miti, mbali na ukuta.

Lakini dari haikaushi mahindi. Tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Huko Kenya, mwaka 2004, mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu, aflatoksini, yaliua watu 125. Kupika hakuimalizi sumu hiyo.