Fahamu Namna Ukali wa Picha za Eksirei za Kidijitali Unavyopimwa

Mkazi wa Mtinko, kata iliyopo kaskazini mwa mji wa Singida, anapopigwa picha ya eksirei ya kifua, daktari atakayeisoma huenda asiwepo katika jengo hilo wala katika wilaya hiyo. Picha inaweza kufunguliwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida, au Dodoma, na mtaalamu ambaye hajapata kumwona mgonjwa. Anachokuwa nacho mezani ni picha tu. Ikikosa ukali, ufa mwembamba wa mfupa au doa dogo la pafu hupita bila kuonekana, na mgonjwa huambiwa ni mzima.

Jambo hilo lina uzito wa pekee mkoani Singida, ambako uchimbaji wa dhahabu ni wa siku nyingi. Mgodi wa Sekenke, wilayani Iramba, ulianza enzi za utawala wa Wajerumani. Vumbi la mawe yenye silika likivutwa kwa miaka mingi huleta ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi, na mwenye ugonjwa huo huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa kuainisha picha za mapafu huyagawa madoa madogo ya mviringo kwa herufi: p ni yale yasiyozidi milimita 1.5, q ni yanayozidi hapo hadi milimita 3, na r hadi milimita 10. Mwongozo huo, ulioandikwa kwa ajili ya filamu, ulipanuliwa kujumuisha picha za kidijitali katika toleo la mwaka 2011. Kumtambua mchimbaji mapema, basi, ni kuona kitu kisichofikia milimita mbili ndani ya kifua chenye mbavu, moyo na mishipa ya damu.

Wengi hudhani kwamba wingi wa pikseli ndio ubora wa picha. Ni kosa linalosameheka, maana hata simu za mkononi huuzwa kwa hesabu hiyo. Ukubwa wa pikseli huweka kikomo tu. Ili mstari mweusi na mweupe vitenganishwe zinahitajika pikseli mbili kwa uchache. Hivyo bapa la kupokea mionzi lenye pikseli za milimita 0.2 haliwezi kutenganisha zaidi ya jozi 2.5 za mistari katika kila milimita, na lenye pikseli za milimita 0.1 hufika jozi 5. Kupita kikomo hicho mistari huungana au, jambo lililo baya zaidi, hutokea michirizi ya uongo ambayo haimo katika mwili wa mgonjwa.

Kipimo cha kale na chepesi ni kibao chenye mistari ya risasi inayozidi kusongamana. Kibao hupigwa picha, kisha mtaalamu hutazama ni kundi lipi la mwisho ambalo mistari yake bado inahesabika. Udhaifu wake ni kwamba jibu hutegemea jicho la mtazamaji. Aidha, mashine mbili zinaweza kufika jozi 3 zote, huku moja ikionyesha mistari hiyo kwa weusi uliokolea na nyingine kwa kivuli hafifu.

Kwa sababu hiyo wataalamu hutumia kipimo kinachofahamika kwa ufupisho MTF. Hiki huuliza swali tofauti: katika utofauti wa weusi na weupe uliokuwepo kwenye kitu chenyewe, ni sehemu gani imefika kwenye picha? Kwa vitu vikubwa jibu hukaribia 1, na kadiri vitu vinavyokuwa vidogo ndivyo linavyoshuka kuelekea sifuri. Katika kiwango cha kimataifa cha IEC 62220-1, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, bamba la tungsteni lenye ukingo ulionyooka huwekwa mbele ya bapa likiwa limeinamishwa kidogo, kati ya nyuzi 1.5 na 3. Mwinamo huo ndio siri ya kipimo. Kila safu ya pikseli huukata ukingo mahali tofauti kidogo, na safu zote zikikusanywa pamoja hutoa umbo la ukingo kwa undani kuliko ukubwa wa pikseli moja. Kamera za kawaida nazo hupimwa kwa njia ya namna hiyo chini ya kiwango cha ISO 12233.

Vipimo hufanywa kwenye picha ghafi. Programu za mashine huweza kuongeza weusi kandokando ya mifupa, picha ikapendeza machoni bila kuongeza taarifa yoyote.

Bapa zuri peke yake halitoshi. Chanzo cha mionzi chenye upana wa milimita 1.2 kikiwa sentimita 100 kutoka kwenye bapa, kiungo kilicho sentimita 20 mbele ya bapa hupata ukungu wa milimita 0.3. Kwa umbali wa sentimita 180, na kiungo kikiwa sentimita 10 tu mbele ya bapa, ukungu hushuka hadi takriban milimita 0.07. Ndiyo maana mgonjwa wa kifua husimamishwa mbali na chanzo, hukumbatishwa bapa na kuagizwa kuzuia pumzi.

Nchini, Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC), iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, ndiyo inayotoa leseni na kukagua vyanzo vya mionzi. Kwa upande wa ukali wa picha, rekodi yenye manufaa zaidi kituoni ni ile ya siku mashine ilipofungwa, kwa kuwa ukali hupotea polepole na watumishi huzoea. Bila namba ya kwanza, namba ya leo haina cha kulinganishwa nacho.

Ipo pia safari ya picha yenyewe. Bapa la upana wa sentimita 43 lenye pikseli za milimita 0.15 hutoa takriban pikseli 2,870 kwa upana. Picha hiyo ikipigwa kwa simu kutoka kwenye skrini na kupunguzwa hadi pikseli 1,200 ili itumwe, kila pikseli huwakilisha karibu milimita 0.36, na doa la milimita moja hubakiwa na pikseli zisizofika tatu. Faili halisi ya DICOM, hata ikichelewa kufika kwa sababu ya mtandao, humfikishia daktari pikseli zote.